Karani Aliyetujua Sote

Ukitokea njia ya chini, ile inayopanda kutoka barabara ya Moshi na kupita katikati ya vihamba vya Akheri, yale mashamba yetu ya migomba, Karani alikuwa anakutambua kabla hujavuka mfereji. Hakuhitaji kuuona uso wako. Alikutambua kwa mwendo tu. "Huyo ni mtoto wa pili wa yule mama mwenye mbuzi mweupe," angesema, macho yakiwa palepale daftarini, "na anakuja kwa shauri la mpaka." Na kweli, ungefika, ungeanza kusalimia, na daftari la mipaka lingekuwa limeshafunguliwa mezani. Watu walicheka wakasema ana dawa. Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na kumbukumbu, na miaka mingi ya kukaa kwenye kiti kimoja.

Jina lake sitaliandika. Wajukuu zake ni majirani zangu, tunaazimana chumvi na tunazikana, na wao hawana kosa lolote. Isitoshe, hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Karani, naye alipenda. Hata mkewe alimwita Karani, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina alilobatizwa.

Alivaa suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ukadhani akiivua itasimama peke yake. Soksi zilifika magotini, na kwenye soksi ya kulia alichomeka kalamu. Baiskeli alikuwa nayo, tena nzuri, ya kununua dukani kwa Mhindi mjini Arusha, lakini sikumbuki kumwona ameipanda zaidi ya mara mbili. Akipanda mlima aliisukuma kwa sababu ni mlima. Akishuka aliisukuma kwa sababu hakuziamini breki. Baba yangu alikuwa akisema, "Karani ameipeleka baiskeli yake matembezi," na mama alimkataza kusema hivyo mbele yetu watoto, kisha anacheka mwenyewe jikoni.

Kulikuwa na muhuri wa baraza, na kulikuwa na namna yake ya kuugonga. Kwanza aliupumulia, haa, kama mtu anayetaka kupasha mikono moto asubuhi ya baridi. Kisha aliugeuza kuutazama, kana kwamba maandishi yake yangeweza kubadilika tangu jana. Ndipo aliugonga, mara moja, kwa kishindo, na mwenye karatasi alishtuka kila mara. Nimeona wazee waliosimama mbele ya kifaru bila kupepesa wakiruka kwa sababu ya muhuri ule.

Alikuwa na maneno yake. Ukimweleza shida yako kwa kirefu, shamba limeingiliwa, ndama ameibwa, mume amekukana, alisikiliza mpaka mwisho bila kukukatisha, tena kwa kutikisa kichwa kwa huruma. Ukimaliza alisema, "Kusikia nimesikia. Sasa lete cha kuonyesha." Neno hilo lilivuma Akheri nzima. Vijana waliokuwa wakitongoza wasichana kwenye njia ya mtoni walilitumia kwa mzaha, na wasichana walilitumia kuwajibu.

Sasa niseme mazuri yake, maana yapo, na kama ningeyaficha ningekuwa sina tofauti na watu ninaotaka kuwasema.

Wakati wa vita, vijana wetu walipochukuliwa kupigana Burma, barua zilikuja kwake, kwa sababu mama zao hawakujua kusoma. Alikwenda nyumba kwa nyumba jioni akisukuma baiskeli, akakaa kwenye kigoda, akasoma. Kila barua ilimalizika kwa salamu ndefu kwa mama: mama usilie, mama nakuota, mama nikirudi nitakujengea. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za khanga, wakaficha barua chini ya godoro. Nilipokwisha kujua kusoma, bibi mmoja wa ukoo wa mama yangu alinipa barua za mwanawe nimsomee tena, kwa kuwa Karani siku hizo alikuwa na kazi nyingi. Niliitafuta salamu ile ya mama nakuota. Haikuwepo. Kijana alikuwa ameomba sabuni na kuuliza habari za ng'ombe wake, basi. Nilitafuta kwenye barua ya pili na ya tatu. Salamu zote zilikuwa za Karani.

Nilizisoma kama yeye alivyozisoma. Bibi alilia kama alivyolia mwanzo.

Na mara moja barua ilikuja yenye habari mbaya, na alitembea nayo ndani ya soksi siku tatu, akipita nyumba ile kwa mbali, akijitia hamnazo mama akimwuliza kama kuna kitu. Siku ya nne alikwenda na mchungaji. Watu waliokuwepo walisema Karani alilia kuliko mwenye msiba. Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie kwamba hakuwa na moyo. Moyo alikuwa nao, na hicho ndicho kinachonikata maini mpaka leo.

Mzungu akiingia, Karani mwingine alitokea. Sauti yake ilipungua ukubwa. Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, alipofanya mzaha kwa Kiingereza, Karani alicheka kabla ya kututafsiria, na sisi tulicheka baada ya kutafsiriwa, hivyo mzaha mmoja wa Bwana Shauri ulichekwa mara mbili na Bwana Shauri alijiona mtu wa mzaha mwingi. Lakini katika kutafsiri alikuwa mwaminifu. Hakupunguza, hakutia chumvi. Tusi la Mzungu lilikuja kwetu likiwa zima, na tusi letu lilikwenda kwake likiwa zima, hata kama lilimhusu Karani mwenyewe.

Walipokuja kutuhamisha kutoka Ngare Nanyuki, ndiye aliyeandika orodha.

Sisi wakati huo tulikuwa tunaishi kule, upande wa kaskazini wa mlima, kwenye malisho. Baba alikuwa amesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, akafundisha watoto kwa miaka kadhaa, kisha akachoka na kelele zao, kama alivyosema, akaenda kufuga. Kisha serikali ikaamua kwamba malisho yale yanawafaa Wazungu wachache kuliko Wameru wengi. Karani alikuja na daftari na askari, akapita boma kwa boma akiandika: jina la mwenye nyumba, idadi ya nyumba, idadi ya ng'ombe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku ile kama siku zote. Alipofika kwetu alimsalimia baba kwa jina la utani la utotoni, baba akaitikia, na mama akampa maziwa. Aliyanywa yote, akashukuru. Siku chache baadaye askari walirudi bila yeye, wakatutoa, wakatia moto. Ndani kulikuwa na sanduku la mbao la baba. Ndani ya sanduku mlikuwa na Biblia, koti la harusi, na cheti cha darasa la nane.

Tulikuja Akheri kwa baba mkubwa, tukapewa pembe ya kihamba, tukaanza upya. Baba hakuwahi kulitaja sanduku. Mama alilitaja kwa ajili ya koti.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikapelekwa chuo cha ualimu upande wa Kilimanjaro, nikarudi nafundisha shule ya chini hapohapo Akheri. Ndipo habari za uchaguzi zikaja. Baba alizipokea kama mtu aliyeambiwa ndugu yake aliyepotea amepatikana. Watu wa mlimani walikuwa wamelilia ardhi ile mpaka kwenye baraza la mataifa, na wamerudi na maneno mazuri tu. Sasa, baba alisema, tutapeleka mtu wetu kwenye baraza la kutunga sheria, na safari hii atakuwa anakaa ndani, sio anasubiri nje ya mlango. Alisema hayo kila jioni. Kwa mara ya kwanza tangu moto ule nilimwona akinyoa ndevu katikati ya wiki.

Kisha tukasikia masharti. Mpiga kura awe amefika darasa la nane, tena aonyeshe. Au awe na mapato ambayo hapa mlimani walikuwa nayo watu wa kuhesabika kwa vidole. Au awe na cheo kilichomo kwenye orodha ya serikali. Na kila mpiga kura angepiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu, na akiacha hata moja karatasi yake inatupwa. Mkulima aliyepalilia kahawa ya Wazungu, mama aliyebeba ndizi kichwani mpaka soko la Arusha, hao hawakuwemo. Walisema hakuna aliyekatazwa kwa rangi yake wala kwa umaskini wake, anatakiwa tu kuleta uthibitisho. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na nimekutana na uongo wa watoto wa kila namna, lakini uongo uliovaa vizuri kama ule sijakutana nao tena.

Meza ya kuandikisha iliwekwa kwenye ofisi ya baraza. Karani alikuwa mezani, na nyuma yake, kwenye kiti cha turubai, Mzungu wa uandikishaji akinywa chai. Nilikwenda na baba. Nilitangulia mimi kwa kuwa baba alitaka kuniona nikiandikwa. Nilitoa cheti changu, Karani akakisoma chote, pande zote mbili, akaniandika. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai.

Kisha akasimama baba.

"Cheti?" aliuliza Karani.

"Kiliungua."

"Kiliungua wapi?"

Baba alimtazama. "Ngare Nanyuki. Ndani ya nyumba."

"Shikamoo tena, Baba Karani," nilisema, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda na nilitaka kuanza kwa adabu. "Si wewe uliyeandika nyumba zetu? Daftari lako si lipo humu ndani? Litoe basi, huyu bwana aone kwamba nyumba ilikuwepo na ikaungua."

"Daftari lina nyumba, binti yangu. Halina vilivyokuwa ndani."

"Lakini mlisoma wote. Shule moja, dawati moja. Baba ametuambia."

"Tulisoma wote," alisema.

"Basi mwambie!"

Aligeuka kidogo kumtazama Mzungu, akanigeukia. Na mbele ya watu wote waliokuwa kwenye mstari, mbele ya baba yangu ambaye alimjua tangu wanachunga mbuzi, akasema lile neno lake la kila siku, kwamba kusikia amesikia.

Watu wengine walicheka, kwa mazoea. Baba alivaa kofia yake, akaniambia, "Twende."

Lakini Mzungu alikuwa ameuliza kuna nini, na Karani, kwa ule uaminifu wake, akamweleza yote bila kupunguza. Mzungu aliweka kikombe chini. Akasema, na Karani akatutafsiria neno kwa neno, kwamba njia ipo. Kama cheti kimepotea, shule ilete barua. Kama shule haina kumbukumbu, aje mtu aliyemaliza darasa la nane pamoja na mwombaji, alete cheti chake mwenyewe kiangaliwe, aandike na kutia sahihi kwamba alimwona akimaliza. Muda ni mpaka mwisho wa mwezi. Karani aliitafsiri sentensi ile mpaka nukta yake ya mwisho. Nakumbuka alitoa leso akafuta shingo, na hakukuwa na joto.

Nilifurahi kama mjinga. Misheni hawakuwa na daftari; wamisionari wao wa Kijerumani walipokamatwa wakati wa vita, vitabu vilibaki vinaliwa na mchwa. Lakini wa darasa lile, wengine walifia Burma, wengine walipotelea Nairobi, na mmoja alikuwa amekaa mezani palepale mbele yetu. Yote yalikuwa mikononi mwa mtu anayetujua. Ningetaka nini zaidi?

Nilimwambia baba aende kwa Karani jioni hiyohiyo. Akasema ana kazi. Kesho yake nikamwambia tena. Akasema mgomba umeanguka. Wiki nzima mgomba ulikuwa unaanguka. Mimi nikaenda kwa mchungaji kutafuta chochote, na ukutani kwake, juu ya kabati la vyombo, nikaiona picha. Wanafunzi wa darasa la nane wamesimama mbele ya shule, vichwa vimenyolewa, miguu peku, mikono imenyooshwa ubavuni kama walivyoamriwa. Wa tatu kutoka kushoto ni baba. Nilimjua kwa masikio. Niliiomba, mchungaji akaishusha, akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu, akanipa.

Nikaenda kwa Karani mwenyewe, bila kumwambia baba.

Mkewe alinikaribisha vizuri, akaniletea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye bakuli, nikala kwa heshima. Karani alikuja kutoka shambani. Nyumbani hakuvaa soksi, na miguu yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani. Nikampa picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo huko mpaka bakuli langu likaisha.

"Hii haina majina," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe unawajua. Andika, utie sahihi, uweke na cheti chako, basi. Ni karatasi moja tu, baba."

Nikasimama karibu naye kuitazama. "Na wewe uko wapi hapa?"

"Siku hiyo niliumwa," alisema.

Nikampa pole huku nikicheka. Nikaomba tena. Akaanza kunipiga chenga: Mzungu atasema anawapendelea wa kwao, kuna watu wengi wa Ngare Nanyuki, akimwandikia mmoja watakuja wote, ofisi ina macho mengi. Nikamwambia kwamba alipoambiwa aandike nyumba zetu ili zichomwe aliandika, kalamu haikutetemeka, na sasa anaombwa maneno matatu ya kweli anatetemeka. Nilimwambia hayo mkewe akiwa anasikia. Nilimwambia kwamba aliwadanganya mama za watu kwa barua za uongo, na ukweli mmoja umemshinda. Hilo lilimwingia. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Mwambie baba yako simwandikii."

Nilimkuta baba anachambua kahawa. Nikamweleza nilikotoka. Aliacha kuchambua.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nimekwenda kwa sababu wewe hukwenda."

"Mwache yule mtu," alisema. "Ni rika langu."

Nilijua maana yake, kila mtoto wa mlimani anajua. Waliotahiriwa msimu mmoja, wakalala kwenye kibanda kimoja wakiuguza vidonda, mmoja wao hamwaibishi mwenzake mbele ya watu wa nje, hata kama anamdai damu. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, nina cheti, nimeandikwa kwenye daftari la wapiga kura, na rika niliona ni kisingizio cha wanaume waliozoea kunyamaza. Nilimwambia kwamba walimchomea nyumba akanyamaza, wamemnyang'anya malisho akanyamaza, na sasa mtumishi wao anamnyima sahihi moja na bado ananyamaza. Nikamwambia kwamba hilo sio rika, ni woga. Nikamwita mwoga. Mama aliyekuwa jikoni aliangusha kitu.

Baba hakunipiga wala hakunikemea. Alirudi kwenye kahawa yake, akitoa punje mbovu na kuziweka pembeni, mojamoja.

Siku ya kupiga kura alinisindikiza. Alivaa shati jeupe. Nje ya kituo kulikuwa na jiwe kubwa, na wanaume wengi wa umri wake walikuwa wamekaa pale, wamevaa vizuri, hawana kazi ya kufanya. Wote walikuwa wamewasindikiza watoto wao. Karani alipiga kura mapema kabisa, na kwenye daftari, niliona wakati wananitafutia jina langu, alikuwa ameandikwa kwa sababu ya cheo, sio ya elimu. Nikafikiri ni majivuno yake, kwamba anapenda hata serikali ikumbuke kiti chake. Niliingia nikapiga kura zangu tatu. Nilimchagua Mwafrika, nikamchagua Mwasia, nikamchagua na Mzungu, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, na aliyenifundisha kushika kalamu alikuwa amekaa nje kwenye jiwe.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Vizuri," alisema, na tukarudi, yeye mbele mimi nyuma. Tangu nilipomtamkia lile neno, mimi na baba tulizungumza habari za mvua, kahawa na afya ya mama. Alinisalimia kila siku na nilimwitikia kila siku, na mgeni asingegundua kitu. Nilikuwa nasubiri anikemee ili nimwombe radhi. Hakunikemea. Masika ya pili baada ya kura ile alishikwa na kichomi, na kwa siku tano alizolala nilimpa uji na dawa, na neno lile lilikuwa limekaa kati yetu kama mtu wa tatu. Tukamzika.

Miezi minne baadaye walitangaza uchaguzi mwingine, na safari hii masharti yalikuwa yamelegezwa. Anayejua kusoma na kuandika Kiswahili alitosha. Baba yangu angetosha mara kumi. Sisi walimu tuliombwa kusaidia kuandikisha, na nilikaa mezani kwenye darasa langu mwenyewe, na karatasi yenye mistari minne ya kusomwa na kila anayekuja.

Karani alikuja siku ya pili. Nilimwona tangu kwenye mstari. Alikuwa amestaafishwa. Baraza jipya lilikuwa limewataka makarani wote walete vyeti vyao, na yeye akaambiwa apumzike. Tulisikia hivyo tukadhani ni uzee. Hakuwa na baiskeli, na suruali ya kaki haikupigwa pasi. Mtu asidhani nilimwonea huruma. Nilifurahi, na niliifurahia furaha yangu.

"Shikamoo," nilisema, kwa kuwa nililelewa.

"Marahaba, Mwalimu."

"Una cheti, au utasoma?"

"Nitasoma."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia kwamba kwa mtu mwenye cheti haina haja, akilete kesho. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza yangu, akainama ili aliye nyuma yake asisikie.

"Sina," alisema. "Sikuwahi kuwa nacho. Niliondoka darasa la sita, baba yangu alipofariki. Yule mchungaji wa Kijerumani wa shule yetu alikwenda bomani kwa Bwana Shauri akasema, namjua kijana huyu, ana mwandiko mzuri. Kwa mdomo tu. Nikapewa kazi. Watu wakasema nimemaliza, na mimi sikuwakatalia."

Mikono yangu ilikuwa juu ya daftari. Niliielewa habari yote mara moja, kama vile mtu amewasha taa chumbani: kushuhudia kungekuwa kutoa cheti, na kutoa cheti kungekuwa kumaliza kazi.

"Basi ungeniambia," nilisema. "Ningekuelewa."

"Ungenielewa?" aliuliza, bila ubaya, akanitazama. Tulijua wote wawili kwamba nisingemwelewa, ningelitangaza mpaka sokoni.

Kisha akasema, "Lakini baba yako alijua. Si tulikaa dawati moja? Alijua tangu siku niliyofunga vitu vyangu. Miaka yote ile watu wakinisifu mbele yake, ananitazama tu, anaitikia. Ulipotoka kwangu siku ile na ile picha, alikuja kesho yake alfajiri. Nikafikiri amekuja kunibana. Akaniambia, usiandike. Akasema, binti yangu mkali lakini atapoa, na wewe una watoto saba, na mimi nimeshakosa vingi, kura moja siyo ya kunitoa roho."

Aliyekuwa nyuma yake alikohoa kwa kuchoka kusimama.

"Hakukwambia?" Karani aliuliza.

"Hakuniambia."

"Nilidhani alikwambia baadaye. Kabla ya kufa."

Nilimpa ile karatasi ya mistari minne. Aliisoma vizuri, kwa sauti ile aliyokuwa akiwasomea mama wa wanajeshi, bila kukosea neno. Hakuongeza kitu. Wa kumwomba radhi alikuwa amelala Akheri kwenye pembe ya kihamba tuliyopewa, tangu masika, na mbele yangu alikuwepo Karani tu, na yeye sikumwomba. Nikaandika jina lake kwenye daftari, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi, nikaita anayefuata.